Gundi, mafuta ya nyonyo na simu ya upepo: marubani wa delta ya Rufiji, 1914–1917

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila inapotajwa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji na kuteketea humo tarehe 11 Julai 1915, simulizi huwa ni la meli na meli, mzinga na mzinga. Marubani hutajwa kwa sentensi moja, kisha msimulizi hurudi kwenye mizinga yake. Katika uzi huu naomba tuwatazame marubani hao pamoja na vyombo walivyorukia. Kwa maoni yangu manowari ile isingepatikana, wala isingepigwa, bila wao; tena kwa miezi minane iliyotangulia adui aliyewatesa zaidi alikuwa gundi iliyoyeyuka, injini iliyochemka na maboya ya ndege za kutua majini yaliyopasuka, kwa kuwa walipewa ndege zilizotengenezwa kwa ajili ya hewa ya baridi ya Ulaya wakaambiwa wakazirushe penye joto, chumvi na unyevu wa pwani yetu.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga bandarini Zanzibar, ikaizamisha, kisha ikatoweka. Mwisho wa Oktoba Waingereza waligundua kwamba imeingia Rufiji, upande wa Salale. Lakini kujua kwamba meli imo deltani ni jambo moja, na kujua imo katika mkondo upi ni jambo jingine kabisa. Aliyewahi kupita kule kwa ngalawa anajua ninachosema: mikondo inagawanyika na kuungana tena, mikoko imesimama kama ukuta pande zote mbili, na maji yakipwa, njia uliyopitia asubuhi inageuka tope. Wajerumani waliipamba meli kwa matawi ili ifanane na miti, wakaisogeza ndani zaidi. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina, na mizinga yao haikuifikia kutoka baharini. Mahali pekee pa kuitazamia palikuwa juu.

Hapo ndipo anapoingia Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban na ndege mbili za majini za Curtiss zenye injini ya nguvu farasi 90. Jeshi la majini lilimpa cheo, likamchukua pamoja na ndege moja, likampeleka Nyororo, kisiwa kidogo karibu na Mafia. Alifika katikati ya Novemba 1914. Katika safari yake ya kwanza alipotea mawinguni, akatua kwenye kisiwa kingine, na walipomkuta rejeta ya ndege ilikuwa haifai tena. Sasa sikilizeni jinsi vita vya angani vilivyoanza katika nchi hii: meli ya kivita ilitumwa Mombasa kutafuta rejeta, ikarudi na rejeta ya gari la Ford. Ndege ikafungwa rejeta ya gari, ikaruka, na tarehe 22 Novemba Cutler akaiona Königsberg.

Alipotua, bodi la ndege lilivunjika. Meli ikarudi Durban kuchukua bodi la ile ndege ya pili. Wakati huo huo Nahodha Sidney Drury-Lowe wa manowari Chatham hakuamini kwamba meli kubwa kiasi kile ingeweza kuingia ndani kiasi kile, hivyo Cutler alipokuwa tayari tena alipandishiwa afisa mwandamizi wa majini ili macho mawili yawe manne. Afisa naye akaiona. Mwezi wa Desemba injini ilimwangusha Cutler mtoni, naye akakamatwa na Wajerumani. Ndege yenyewe haikuachwa: kijana wa cheo cha chini, Gallehawk, aliingia na boti ya kuvutia meli huku akipigwa risasi kutoka ufukweni, akaifunga kamba na kuitoa. Ukitaka kupima thamani ya ndege moja mbovu wakati ule, pima kwa hilo.

Nitaendelea na kundi la pili nikipata nafasi jioni. Wenye kuongeza waongeze.

Fundi wa Injini

Mleta uzi, ahsante kwa kuanza na rejeta, maana wengi huanza na ushujaa. Wakati unajiandaa, niruhusu nieleze jambo moja la kiufundi, kwa sababu bila hilo msomaji hataelewa kwa nini ndege zilizofuata zilishindwa.

Ndege nyingi za miaka ile zilitumia injini aina ya Gnome. Katika injini ya gari, silinda hutulia na mhimili huzunguka. Katika Gnome mambo yaligeuzwa: mhimili ulifungwa kwenye bodi la ndege usisogee, na silinda zote, zikiwa zimepangwa kwa duara kama majani ya mpapai, zilizunguka pamoja na pangaboi. Faida yake ni kwamba silinda zilijipoza zenyewe kwa upepo wa kuzunguka, hivyo haikuhitajika rejeta wala maji, na injini ikawa nyepesi kwa nguvu iliyotoa. Hasara yake ni kwamba oili haikurudi popote. Iliingia, ikalainisha, ikatupwa nje kwa moshi na matone.

Oili yenyewe ilikuwa mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii inayoota kando ya njia, ambayo bibi zetu waliitumia kuwaendesha watoto matumbo. Sababu ya kuichagua ni kwamba haichanganyiki kirahisi na petroli, na katika Gnome petroli ilipita mle mle ndani ya kasha la mhimili. Oili ya madini ingeoshwa na kuondoka. Rubani basi alikaa nyuma ya injini inayomrushia mafuta ya nyonyo usoni kwa muda wote wa safari, akiyavuta puani na kuyameza. Matokeo yake tumboni nawaachia mkisie.

Kuhusu joto: hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 15 kwa zaidi ya asilimia 6, na unyevu huipunguzia uzito tena. Hewa nyepesi humaanisha bawa linabeba kidogo, pangaboi linashika kidogo na silinda inavuta hewa kidogo ya kuchomea petroli. Ndege iliyokuwa na ziada ndogo ya nguvu kule Uingereza, hapa kwetu ilibaki bila ziada yoyote.

Mleta uzi

Fundi, umenirahisishia kazi, maana yaliyowapata waliofuata ndiyo hayo hasa.

Februari 1915 zilifika Nyororo ndege mbili za majini za Sopwith zenye Gnome ya nguvu farasi 100, chini ya John Tulloch Cull. Huyu ndiye mhusika mkuu wa uzi huu, kwa hiyo mkariri jina lake. Zilipitia Bombay kwanza, na tayari huko zilionyesha kwamba joto halizifai. Huku kwetu zilianza kufumuka. Mbao nyembamba za maboya na pangaboi ziliunganishwa kwa gundi ya wakati ule, ambayo ikikaa katika joto lenye unyevu hulainika na kuachia. Tabaka za mbao zikabanduka moja baada ya nyingine. Kuruka na mtazamaji pamoja na mabomu haikuwezekana. Rubani peke yake, na petroli kidogo, aliweza siku nyingine kunyanyuka na siku nyingine kukimbia juu ya maji mpaka injini ikachoka. Kumbukeni kwamba ndege ya majini ina mzigo ambao ndege ya nchi kavu haina: maboya yenyewe ni mazito, na maji huyanasa yasiachie.

Aprili zikaja nyingine tatu, aina ya Short, ambazo zilikuwa zimekwisha kutumika kabla ya kuletwa. Injini zake zilikuwa na nguvu farasi 160, na kituo kikahamia Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikiteka Januari. Nazo zilipanda kwa shida, lakini zilipanda. Tarehe 25 Aprili Cull alipita juu ya Königsberg kwa kimo cha chini sana na kupiga picha. Aliikuta safi kama iliyopakwa rangi karibuni, vitambaa vya kivuli vimetandazwa juu ya sitaha na bomba zikitoa moshi. Hiyo haikuwa meli iliyotelekezwa, na waliosema ingali hai wakapata ushahidi wa picha.

Kilichobadilisha mambo kilifika tarehe 18 Juni 1915: ndege nne za magurudumu, mbili Caudron na mbili Henri Farman. Za Farman zilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma badala ya mbao zilizogundishwa. Mimi naona uamuzi huu wa kuachana na maboya na gundi una uzito sawa na mizinga yote iliyoletwa, ingawa kwenye simulizi haupewi hata aya moja. Haukuwa mwisho wa matatizo, kwa kuwa katika majaribio Caudron moja na Farman moja zilivunjika kabla ya vita kuanza. Zikabaki mbili.

Mtu wa Kibiti

Ndugu mleta mada, heshima kwako, ila nina swali na nina malalamiko.

Swali: ikiwa waliiona meli tangu Novemba, kwa nini hawakuitupia mabomu wakamaliza kazi?

Malalamiko: unasema ndege za magurudumu zilifika na kuruka, kana kwamba uwanja ulikuwepo. Mafia ni minazi na vichaka. Miti haikujikata yenyewe, visiki havikujing'oa. Watu wa kisiwa ndio waliofyeka kile kiwanja, na majina yao hayamo katika orodha yoyote ya nishani. Ni vizuri tuseme hivyo wazi, maana hata upande wa pili ilikuwa hivyo hivyo: sehemu za mitambo ya Königsberg zilizoharibika zilikokotwa na watu wetu mpaka Dar es Salaam kwenye karakana na kurudishwa tena deltani kwa mikono na mabega.

Mleta uzi

Malalamiko nimeyapokea, tena yana haki. Nilitakiwa nianze na kiwanja.

Kuhusu mabomu: walijaribu. Bomu la kawaida la ndege hizo lilikuwa la ratili 16 au 20, yaani kilo saba mpaka tisa hivi, na lilitupwa kwa kukisia, bila chombo cha kulengea kinachostahili jina hilo. Hata likipata, lingetoboa sitaha na kuumiza watu, lakini halingeizamisha manowari ya tani zaidi ya 3,000. Bomu zito lingehitaji ndege ambayo haikuwepo.

Ndiyo maana silaha ya kweli ya marubani wa Rufiji ilikuwa simu ya upepo, yaani telegrafu isiyo na waya. Mpango ulikuwa huu: monita mbili, Severn na Mersey, meli zenye kina kisichofika mita 2 zilizotengenezwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, ziingie mkondo wa Kikunja na kupiga kwa mizinga ya inchi 6 kutoka umbali wa kilomita kama tisa, juu ya mikoko, dhidi ya shabaha ambayo hakuna mpigaji hata mmoja angeiona. Mtazamaji ndani ya ndege angeangalia kombora limeangukia wapi, kisha angegonga herufi chache: limepita, limepungua, kushoto, kulia, limepata. Chombo kilikuwa cha kurusha tu. Kipokeaji kilikuwa kizito, na hata kingebebwa, mngurumo wa injini ungezima sauti masikioni. Hivyo mtu wa juu alisema bila kusikia jibu, na alijua amesikika kwa kutazama kombora linalofuata limehamia wapi.

Waya wa kurushia uliteremshwa chini ya ndege ukiwa na kitu kizito mwishoni, ukaning'inia kama mshipi wa mvuvi. Ukisahau kuukunja kabla ya kutua, umepoteza waya.

Jaribio la kwanza lilikuwa tarehe 6 Julai, nalo lilikuwa baya. Monita zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji hakuweza kutofautisha kombora la Severn na la Mersey, hivyo masahihisho yake yalimfikia asiyestahili. Zaidi ya makombora 600 yalitumika na yaliyopata yalikuwa machache mno. Mersey ilipigwa na kupoteza watu. Wakati huo huo Königsberg, isiyo na ndege, ilikuwa ikipiga kwa usahihi wa kutisha, mpaka Waingereza walipoona watu wamekaa juu ya mti ufukweni, wakaushambulia mti ule, na baada ya hapo makombora ya Wajerumani yakaanza kupotea. Yaani siku ile walishindana watazamaji wawili, mmoja yuko angani na mmoja yuko mtini, na wa mtini aliifanya kazi yake vizuri zaidi.

Mwanafunzi wa Historia

Hii ya mtini sikuijua, na nadhani inaipunguza nguvu hoja yako, mkuu. Ikiwa mtu juu ya mkoko aliweza kufanya kazi ile ile kwa ubora zaidi, basi ndege ilikuwa anasa tu. Pengine Waingereza wangefaulu kwa kupeleka watu nchi kavu. Pieter Pretorius, yule mwindaji wa tembo aliyewapelelezea mikondo na kuwapimia maji ya kujaa na kupwa, aliikaribia meli kwa miguu na kuiona kwa macho yake.

Mleta uzi

Nakubali nusu. Mtu wa mtini alifaulu kwa sababu ufukwe ulikuwa wa Wajerumani, wenye mahandaki, askari na simu za waya. Pretorius aliweza kujipenyeza, akaona, akatoka. Asingeweza kukaa mchana kutwa pembeni ya Königsberg akigonga simu. Isitoshe, mti ukishaonekana, umekwisha. Ndege ikionekana inaendelea kuruka, walau kwa muda.

Tarehe 11 Julai waliirekebisha kasoro ya tarehe 6: monita moja ipige, nyingine inyamaze. Severn ilitia nanga na kuanza. Juu walikuwa Cull kama rubani na Harwood Arnold kama mtazamaji, ndani ya ile Farman iliyobaki. Makombora ya kwanza yalipita. Arnold akasahihisha, likasogea. Akasahihisha tena, likasogea tena. Kufikia pigo la nane likapata. Kisha yakaanza kupata mfululizo, akatuma kwamba yote yanaangukia sehemu ya mbele, wasogeze kuelekea katikati ya meli.

Königsberg nayo ilikuwa ikiipiga ndege. Kipande cha chuma kiliingia katika injini, ikafa. Naomba msomaji aifikirie hali ile bila papara: hakuna parachuti, kwa kuwa marubani wa Kiingereza hawakupewa parachuti katika vita vile, chini ni mikoko na maji yenye mamba, injini imenyamaza na upepo unavuma kwenye waya za mabawa. Cull aliielekeza ndege kuteleza kuelekea monita zilipo. Arnold alituma kwamba wamepigwa na waletewe mashua, kisha akaendelea kutuma masahihisho njia nzima ya kuteremka. Ndege yenye magurudumu ilitua mtoni karibu na Mersey, ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alikuwa amesahau kufungua mkanda wa kiti, akazama nao, akajifungulia chini ya maji na kuibuka. Mashua iliwachukua wote wawili wakiwa wazima, na baadaye wote wawili walitunukiwa nishani ya DSO.

Ndege nyingine ilishika zamu, Mersey ikasogea kumalizia, moto na milipuko ikaenea ndani ya Königsberg, na Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru meli yake ilipuliwe kwa torpedo na mabaharia wake wenyewe.

Fundi wa Injini

Jambo dogo kuhusu ile Farman, mleta uzi, kwa sababu ulisema kiunzi cha chuma kisha ukapita. Injini yake haikuwa Gnome. Ilikuwa Canton-Unné ya nguvu farasi 135, silinda tisa zimepangwa kwa duara lakini zimetulia, na zilipozwa kwa maji. Kwa hiyo tumerudi kwenye rejeta. Pia pangaboi lilikuwa nyuma ya wakaaji, na mtazamaji akaona mbele na chini bila kizuizi na bila mafuta ya nyonyo machoni. Kwa kazi ya kutazama kombora linaangukia wapi, huwezi kuomba kiti kizuri zaidi. Ila ndege ikianguka kwa pua, injini yote iko mgongoni mwako.

Mwana wa Kigoma

Wakuu, msiishie pwani. Huku ziwani nako kulikuwa na ndege, na kisa chake kinashikana na hicho.

Baada ya Königsberg kuteketea, Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 kutoka kwenye mabaki, wakaitengeneza katika karakana za reli Dar es Salaam na kuifungia magurudumu. Mmoja ulipandishwa treni ya Reli ya Kati ukaja kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo ilikuwa bwana wa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji waliokuwa ng'ambo, upande wa Kalemie ya leo, hawakuwa na chombo cha kuukabili mzinga ule. Wakaomba ndege kwa Waingereza, wakapewa nne za majini aina ya Short.

Safari ya ndege hizo peke yake ingetosha uzi mwingine: zilipita Matadi, zikaenda kwa reli na kwa mto Kongo, zikashushwa na kupakiwa mara nyingi ndani ya makasha mpaka ziwani. Mawimbi ya Tanganyika, ambayo sisi tunayajua tabia yake, yalikuwa makali kwa maboya, hivyo walitafuta maji yaliyotulia pembeni ya ziwa, Tongwe, wakaruka kutoka hapo. Tena ziwa hili liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hesabu ya Fundi ya hewa nyepesi huku inazidi kuwa mbaya. Mmoja wa marubani wao alikuwa Aimé Behaeghe. Juni 1916 waliishambulia Kigoma kwa mabomu wakiilenga Götzen. Kinachochekesha, kama vita vinaweza kuchekesha, ni kwamba mzinga ule wa Königsberg waliokuwa wakiuogopa ulikuwa umekwisha kuondolewa kupelekwa vitani nchi kavu.

Mwisho wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe kabla ya kuondoka Kigoma. Iliibuliwa baadaye, na ndiyo MV Liemba. Behaeghe hakuuona mwisho wa mwaka: alifariki Desemba 1916 huko huko Kongo.

Mtu wa Kibiti

Na baada ya 1915, deltani kulitulia? Babu zetu wanasema ndege ziliendelea kupita.

Mleta uzi

Hazikukoma. Cull na wenzake walihamia nchi kavu, Maktau, kwenye reli ya kuelekea Taveta. Mwanzoni mwa 1916 kiliwasili Mombasa Kikosi namba 26, ambacho watu wake wengi walitoka Afrika Kusini, wakaweka kambi Mbuyuni na ndege aina ya BE2c. Kazi yao ilikuwa kutafuta safu za askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, ambao walijifunza haraka kusimama chini ya miti wakisikia mlio na kutembea usiku. Ramani zilikuwa chache, na rubani aliyeishiwa injini juu ya pori alitembea kwa miguu siku kadhaa kurudi kambini, akirudi. Malaria na tumbo la kuhara vilipunguza marubani kuliko risasi. Petroli, kadiri jeshi lilivyosonga kusini, ilitegemea wapagazi, wale wale ambao kambi yao Dar es Salaam imetuachia jina Kariakoo. Kwa hiyo Mtu wa Kibiti asidhani nimesahau somo lake.

Lakini uliuliza kuhusu delta. Tarehe 6 Januari 1917 Edwin Moon, rubani wa ndege ya majini, aliruka juu ya Rufiji na Kamanda Richard Bridgeman kama mtazamaji. Injini ikafa, wakatua katika mkondo. Waliiharibu ndege isitumiwe na adui, wakaanza kutafuta njia ya kwenda baharini. Siku tatu walizunguka katika mikoko karibu bila chakula wala maji ya kunywa, wakiogelea kuvuka mikondo yenye mamba. Walikuta nyumba tupu, wakang'oa fremu za madirisha wakaunda chelezo. Maji ya kupwa yaliwachukua na chelezo chao mpaka bahari kuu, kisha yakawarudisha. Bridgeman alikufa kwa baridi na uchovu juu ya chelezo, Moon akimshika. Moon alifika ufukweni, akakamatwa. Alinusurika vita, akafa mwaka 1920 katika ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, Uingereza.

Mwanafunzi wa Historia

Nimesoma hadi hapa na nimeanza kulegea katika pingamizi langu. Naomba kuongeza upande wa Wajerumani, maana tumewaacha juu ya mti. Novemba 1917 walituma puto kubwa la Zeppelin, L 59, lenye urefu wa mita 226, kutoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na tani kama 15 za shehena kwa ajili ya von Lettow. Lilipangwa lisirudi, kwa kuwa huku hapakuwa na gesi ya kulijaza tena; kwa hiyo kila kipande chake kilikusudiwa kutumika: kitambaa cha nje kiwe mahema, ngozi ya njia ya kupitia ndani iwe viatu, viunzi viwe milingoti ya simu ya upepo. Lilifika Sudan, magharibi ya Khartoum, likaitwa lirudi kwa simu hiyo hiyo ya upepo. Lilikaa angani saa 95 bila kutua. Kwa upande wa vyombo, naona ndicho chombo pekee katika uzi huu kilichofanya kazi yake barabara, nacho hakikufika.

Mwana wa Kigoma

Swali la mwisho kutoka kwangu: kuna chochote cha kuonekana leo?

Mleta uzi

Za ndege, sina cha kukuonyesha. Mbao, kitambaa na gundi katika delta ile huoza haraka. Waliokufa kwenye Pegasus wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Zanzibar. Ukifika Mombasa, nje ya Ngome ya Yesu, umesimama mmoja wa ile mizinga 10 ya Königsberg, na jirani yake upo mzinga wa Pegasus. Mwingine wa Königsberg uko Pretoria. Huo wa Mombasa ulikuwa deltani siku ambayo Arnold alikuwa akigonga herufi zake kutoka angani, baadaye ukafungiwa magurudumu, na watu wa Kikosi namba 26 walipokuwa wakiinama nje ya BE2c zao mwaka 1916 kutazama chini ya miti, mizinga ya aina hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu walivyotumwa kutafuta.